KATUNI: NI ZA WATOTO TU, AU NA SISI WAKUBWA?

Somo la kujadiliana katika vikundi

Somo la mara hii litawashangaza wengine. Si la mbolea wala la mbuzi wa maziwa. Ni la filamu za katuni. Kabla hujafunua ukurasa ukisema "hiyo ni mambo ya watoto", ngoja kidogo, maana neno hilo hilo ndilo tunataka kulichunguza.

Vikundi vingi siku hizi vina televisheni katika jumba la mikutano, au vinaweza kukodi projekta. Na hata mahali ambapo hakuna, simu iko, na watoto wanaijua kuliko sisi. Siku ya familia ikikaribia, kamati hubishana: tuonyeshe nini? Mmoja anasema katuni. Mwingine anajibu ati katuni zitawafukuza wakubwa, watatoka nje kupiga gumzo na watoto watabaki ndani peke yao. Nani anasema kweli?

Lengo la somo: Tukimaliza, kila mwanakikundi aweze (a) kueleza kwa nini katuni si za watoto peke yao, (b) kuchagua katuni inayofaa umri wa mtoto, (c) kuzungumza na mtoto baada ya kuitazama.

Muda: Saa moja na nusu, bila kuhesabu muda wa filamu.

Vifaa: Karatasi kubwa, kalamu, na filamu moja kama inapatikana.

1. TUANZE NA TUNAYOJUA

Nyanya alipokuwa akisimulia ngano za sungura na fisi jioni, ni nani waliokuwa wakisikiliza? Watoto, ndiyo. Lakini mama naye alikuwa hapo akichagua maharagwe, na mjomba amekaa mlangoni akijifanya hasikii. Hadithi ya fisi aliyefika njia panda akanusa nyama pande zote mbili, akataka kwenda huku na huku kwa mara moja mpaka akapasuka, mnaikumbuka? Watoto walicheka fisi alivyopasuka. Mjomba alinyamaza, kwa sababu alijua fisi ni nani. Hadithi moja, masikio mawili. Hatukusikia mtu akisema, "Hii ni ya watoto, wakubwa tokeni."

Mfano mwingine. Wengi walisoma, au walisikia habari za kitabu Shamba la Wanyama. Mwingereza George Orwell alikitoa mwaka 1945, na Fortunatus Kawegere akakifasiri kwa Kiswahili, kikachapishwa Nairobi mwaka 1967. Wanaozungumza mle ni nguruwe, farasi na kondoo. Lakini habari yenyewe ni ya viongozi wanaowageuka watu waliowaweka juu. Mtu akisema kitabu hicho ni cha watoto kwa sababu nguruwe wanaongea, tutamcheka. Na mwaka 1954 hadithi hiyo ilifanywa filamu huko Uingereza, na filamu hiyo ni ya katuni. Je, ilipochorwa iligeuka kuwa ya watoto? La. Maneno ni yale yale.

2. KATUNI NI NINI HASA?

Katuni ni picha nyingi zinazofuatana upesi mpaka macho yanaona kitu kinatembea. Kwa kawaida picha 24 hupita kila sekunde. Filamu ya dakika 80 hupitisha zaidi ya picha 115,000. Kuna zinazochorwa kwa mkono. Kuna zinazotengenezwa kwa wanasesere, mtu akimsogeza mwanasesere kidogo, anapiga picha, anamsogeza tena. Na kuna zinazotengenezwa kwa kompyuta. Filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta ni Toy Story ya Marekani, mwaka 1995.

Kwa hivyo katuni ni njia ya kusimulia. Ni kama redio, ama ngoma, ama mchezo wa kuigiza. Hatuwezi kusema "redio ni ya watoto". Tunauliza, kipindi gani? Vivyo hivyo na katuni tuulize: hadithi gani?

3. WALIOZITENGENEZA WALIKUWA WAKIMFIKIRIA NANI?

Tarehe 21 Desemba 1937, mjini Los Angeles, Walt Disney alionyesha kwa mara ya kwanza filamu yake ndefu ya Snow White, binti mfalme na vijeba saba. Kabla ya hapo watu walimcheka, wakisema hakuna mtu atakayekaa zaidi ya saa nzima akitazama michoro. Ukumbi ulijaa watu wazima, wakiwemo waigizaji mashuhuri. Walikaa mpaka mwisho, na wengine walilia.

Sasa sikilizeni hili. Filamu hiyo ilipofika Uingereza mwaka 1938, wakaguzi wa filamu waliona malkia mchawi na msitu wake vinatisha. Wakaamua kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 asiingie bila mtu mzima. Yaani tangu katuni ndefu zilipoanza kupata jina, kuna watu waliokwisha kuona kwamba mahali pa mzazi ni kando ya mtoto, si nje.

Na watengenezaji wenyewe hadi leo wanalalamika wakiambiwa kazi yao ni ya kitoto. Mwaka 2023 Guillermo del Toro wa Meksiko alipata tuzo ya Oscar kwa filamu yake ya Pinocchio, ile hadithi ya mwanasesere wa mti, ambayo yeye ameiweka katika Italia ya wakati wa dikteta Mussolini. Alisimama mbele ya watu akasema katuni ni sinema kama sinema nyingine.

4. FILAMU TATU TUZIPIME

Tuchukue filamu tatu za familia ambazo ni rahisi kupatikana. Kwa kila moja tuulize: mtoto anaona nini, na mtu mzima anaona nini?

(a) The Lion King (1994). Hii ina uhusiano na kwetu. Baadhi ya watengenezaji wake walikuja Kenya mwaka 1991 na kutembelea Hell's Gate kule Naivasha kuona mandhari. Majina Simba na Rafiki ni Kiswahili chetu, na jina la ngiri Pumbaa linatokana na neno "kupumbaa". Mtoto anaona wanyama, anacheka na Pumbaa.

Mtu mzima anaona jambo lingine. Mfalme Mufasa anakufa katika mbio za nyumbu akimwokoa mwanawe. Ndugu yake, Scar, ndiye aliyemuua, lakini anamwambia mtoto kwamba kosa ni lake, akimbie asirudi. Simba anakua akiwa na mzigo huo moyoni, hamwambii mtu. Anaimba, anakula, anaonekana yuko sawa. Hayuko sawa.

Ndugu zangu, katika kazi ya jamii tunakutana na watoto kama hao katika vijiji vyetu. Mtoto mdogo aliyefiwa mara nyingi hudhani yeye ndiye sababu: "Nilimkasirisha mama." "Nilikataa kwenda dukani." Na sisi wakubwa tunafanya nini? Siku ya mazishi tunampeleka kwa jirani akacheze. Baadaye tunasema, "Huyu amesahau, ni mtoto tu." Hakuna aliyemwambia waziwazi: "Baba aliugua. Si wewe uliyemfanya afe." Sasa katuni imefungua mlango huo, mtoto amekaa pale akimtazama Simba akimsukuma baba yake aamke, na wewe uko nje unazungumza habari za bei ya mahindi. Nafasi ya namna hiyo haiji kila siku.

(b) Up (2009). Mtoto anaona nyumba inayopaa kwa baluni nyingi, na mbwa wanaoongea. Lakini mwanzoni kabisa, kwa dakika chache na bila neno kusemwa, tunaonyeshwa maisha ya ndoa ya Carl na Ellie. Wanaoana. Wanatengeneza nyumba. Wanatamani mtoto, halafu wanapata habari kwa daktari kwamba hawatapata. Wanaamua kuweka akiba ya safari, wakitia senti ndani ya chupa. Gurudumu la gari linapasuka, chupa inavunjwa. Mguu unavunjika, chupa inavunjwa tena. Mti unaangukia paa, chupa inavunjwa. Miaka inakwisha. Carl anapokwenda hatimaye kununua tiketi, Ellie ameshazeeka, anaugua, anafariki.

Mtunza hazina yeyote wa kikundi akiiona chupa hiyo ataelewa. Ni akiba yetu hiyo! Tunaweka ya pembejeo, inakuja karo. Tunaweka ya karo, inakuja hospitali. Na mume na mke waliokosa mtoto, ambao kijiji kinawasema vibaya, nao wako hapo wakipendana mpaka mwisho. Baadaye mzee anafungua kitabu cha kumbukumbu cha mkewe na kukuta picha za maisha yao ya kawaida. Kumbe kwa mama huyo maisha hayo ndiyo yalikuwa safari yenyewe. Mtoto wa miaka sita hawezi kuyashika hayo yote, lakini mjane ataona mpaka afute machozi.

(c) Finding Nemo (2003). Samaki baba, Marlin, amepoteza mke na mayai yote isipokuwa moja. Mtoto aliyetoka humo, Nemo, ana pezi moja dogo kuliko lingine. Kwa sababu ya hofu, baba hamruhusu kufanya lolote: "Huwezi. Utaumia." Mtoto anakasirika, anaogelea mbali, anachukuliwa na mzamiaji.

Watoto wanashangilia papa na kasa. Sisi wazazi tufikirie: ni watoto wangapi wenye ulemavu wanaofichwa nyumbani kwa jina la upendo? Baba yule anamtafuta mwanawe bahari nzima, na mwisho inambidi ajifunze kumwamini. Samaki wengi wananaswa katika wavu mmoja. Nemo anawaambia wote waogelee chini pamoja, kwa nguvu moja, mpaka mtambo unaoshika wavu unashindwa. Kikundi cha kujisaidia kinataka somo gani tena?

5. LAKINI SI KILA KATUNI IMFAE MTOTO

Hapa ndipo ile kauli "katuni ni za watoto" inapokuwa hatari. Mzazi akiamini hivyo, ataweka katuni yoyote na kwenda zake shambani.

Tarehe 16 Aprili 1988 kule Japani, studio ya Ghibli ilitoa filamu mbili siku moja, watu wakizitazama kwa pamoja. Moja ni My Neighbor Totoro, ya wasichana wawili na kiumbe mpole wa msituni. Mtoto mdogo anaweza kuitazama kwa furaha. Ya pili ni Grave of the Fireflies ya Isao Takahata. Inaeleza habari za kijana wa miaka 14 na dada yake wa miaka minne mjini Kobe mwaka 1945, baada ya mabomu ya moto kuua mama yao. Wanakufa kwa njaa, wote wawili. Aliyeandika hadithi hiyo, Akiyuki Nosaka, alifiwa na dada yake mdogo kwa njaa wakati wa vita hivyo, na Takahata mwenyewe aliponea bomu akiwa na miaka tisa. Ni filamu nzuri sana kwa watu wazima wanaotaka kuzungumza habari za vita na wakimbizi. Lakini kumwachia mtoto wa miaka mitano peke yake, hapana. Studio moja, siku moja, michoro inayofanana, na mambo tofauti kabisa.

Kuna nyingine mbaya zaidi kwa mtoto. Mwaka 2016 Wamarekani walitoa Sausage Party, ya vyakula vya dukani vinavyoongea. Ukiona picha ya nje utadhani ni ya watoto wa chekechea. Ndani ni matusi na uchafu, na imetengenezwa kwa watu wazima tu. Mwezi wa Juni mwaka huo ukumbi mmoja wa sinema huko California ulionyesha kwa makosa kipande cha kuitangaza mbele ya familia zilizokuja kutazama katuni ya watoto. Ikiwa waliobobea wamekosea, sisi tunaonunua kwenye vibanda au kuwekewa kwenye flashi tutapona vipi tusipoangalia?

Hapa Kenya Bodi ya Kuainisha Filamu hutumia alama. GE ni ya watu wote. PG ni ya kutazamwa kwa uongozi wa mzazi. 16 si ya walio chini ya miaka 16. 18 ni ya watu wazima tu. Tafuta alama hiyo kabla ya kuonyesha. Na kikundi kikitaka kulipisha kiingilio, kiulize kwanza habari ya leseni.

6. KATUNI ZIMESHATUMIKA KUFUNDISHA WAKUBWA

Mwaka 1943 studio ya Disney ilitengeneza filamu fupi iitwayo The Winged Scourge, kwa ajili ya nchi za Amerika ya Kusini. Somo lake lilikuwa malaria. Mbu anaonyeshwa kama mhalifu anayetafutwa, na wale vijeba saba wa Snow White wanatokea wakifukia madimbwi na kuziba matundu ya nyumba. Wenye kazi ya kufukia madimbwi ni wakubwa, kwa hivyo wakubwa ndio waliolengwa.

Karibu na kwetu, katika miaka ya 1990 UNICEF ilitoa hadithi za Sara, msichana Mwafrika mwenye rafiki tumbili aitwaye Zingo. Zilikuwa katika vitabu vya picha, redio na filamu za katuni. Ndani yake mlikuwa na mambo mazito: msichana kuachishwa shule, ukeketaji, wanaume wanaowarubuni wasichana kwa zawadi. Hebu fikirini, msichana akiyatazama hayo peke yake, atabadilisha nini? Anayeamua kama atakeketwa au atakwenda shule ni mtu mzima. Basi mtu mzima asipotazama, nusu ya somo imepotea.

7. WANAOPINGA NAO WANA NENO

Tusiwadharau. Mzee mmoja anaweza kusema: "Mimi nimechoka na jembe tangu asubuhi, unataka nikatazame sungura akikimbizwa?" Ana haki. Kuna katuni zilizotengenezwa kwa watoto wadogo tu, za kufundisha rangi, namba na herufi, na si lazima mtu mzima azifurahie. Kipindi cha Ubongo Kids kilichoanza Tanzania mwaka 2014 kwa Kiswahili, kwa mfano, kinafundisha hesabu na sayansi. Mtoto aachwe afurahi. Lakini hata hapo ukikaa dakika kumi utajua anajifunza nini.

Wengine wanasema katuni za nje zinaleta tamaa ya vitu: mfuko wenye picha, shati lenye picha, mwanasesere. Ni kweli. Biashara iko humo. Dawa yake si kukimbia. Dawa ni kumwambia mtoto, "Unaona? Wanataka tununue." Mtoto huelewa mapema kuliko tunavyodhani.

Na tatizo la lugha? Nyingi ni za Kiingereza. Lakini sisi ni watu wa vibanda vya video, tumezoea dijei anayeeleza filamu kwa Kiswahili huku ikiendelea. Kijana mmoja wa kikundi anaweza kufanya hivyo. Asitie chumvi tu.

8. NAMNA YA KUENDESHA SIKU YA FILAMU

1. Watu wawili wa kamati waitazame filamu yote mbele, si kipande. Waandike mahali panapotisha au panapohuzunisha.
2. Kila mtoto mdogo akae na mkubwa wake. Asiye na mzazi apewe mama au baba wa siku hiyo.
3. Filamu isimamishwe mara moja katikati. Ulizeni: "Huyu anasikia nini moyoni sasa?"
4. Mtoto akilia, msimtoe nje kwa haraka na kumwambia anyamaze. Mkubwa amshike, amuulize polepole.
5. Ikiisha, wakubwa na watoto wazungumze pamoja kwa dakika ishirini. Mtoto aanze kusema, mzee afuate. Tukianza sisi, watanyamaza.
6. Kama mtoto amesema jambo zito la nyumbani, lisitangazwe katika mkutano. Mtu mmoja anayeaminika alifuatilie kwa siri.

9. MASWALI YA MJADALA

(a) Katika ngano za kabila letu, ni ipi ambayo watoto hucheka na wakubwa hunyamaza? Kwa nini?
(b) Wiki iliyopita mtoto wako alitazama nini kwenye simu au televisheni? Kama hujui, nani anajua?
(c) Katika kijiji chetu kuna mtoto aliyefiwa ambaye hajaelezwa ukweli? Nani amweleze, na kwa maneno gani?
(d) Chupa ya akiba ya Carl na Ellie ilivunjwa mara kwa mara. Ya kikundi chetu huvunjwa na nini?
(e) Je, tunawalinda watoto wenye ulemavu, au tunawafungia?

10. KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja akae na mtoto mmoja, wake au wa jirani, watazame katuni moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Simu ya kuongea izimwe. Halafu amwulize mtoto maswali mawili tu: "Ni wapi ulipoogopa?" na "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?" Asimsahihishe. Asikilize. Majibu yaletwe kikundini bila kutaja jina la mtoto.

Akina baba, kazi hii ni yenu pia. Mkisema mmeacha kwa akina mama kwa sababu ni katuni, tutarudi kwenye namba moja ya somo hili na kuanza upya.